Salamu za Mwendo za Tadeo Kalinga

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, umande umeganda juu ya majani, na Tadeo Kalinga anashuka barabara ya Uzunguni hapa Mbeya na mbwa mkubwa wa kahawia aitwaye Meja. Kamba aliyoishika imelegea. Mkono wa kushoto umo mfukoni mwa kaptula, unapapasa vipande vya nyama kavu.

Mbwa mweupe anachomoza mbele, hatua themanini hivi. Meja bado hajamwona, lakini Tadeo ameshamwona. Anaacha barabara, anaingia majanini na kuanza kuzunguka kwa mbali kama mtu anayekwepa dimbwi. Meja anasimamisha masikio, anafunga mdomo, anatazama. Kabla hajaamua la kufanya, kipande cha nyama kiko puani pake. Anatafuna, anatazama tena, anapewa kingine. Wanapita.

“Ukingoja mpaka angurume, umeshachelewa,” Tadeo anamweleza mwandishi wa habari hizi, ambaye wakati wote huo alikuwa nyuma ya mkaratusi na haoni aibu kulisema.

Tadeo ana miaka thelathini na minane. Alizaliwa Kalenga, Iringa, akaja Mbeya mwaka 1949 kutafuta kazi, akaanza kwa kufyeka bustani. Alikabidhiwa Meja baada ya boi wa kwanza kung’atwa naye na kuacha kazi siku hiyo hiyo. Mshahara wake ni shilingi arobaini na tano kwa mwezi, na nyumbani wako watano. Watani hawamwachi apumue: Mhehe kupewa mbwa, wanasema, huyo mbwa ana siku ngapi? Anawajibu kwamba Meja ni mgumu, hata sufuria ingemkataa.

Wiki hii lakini utani umepungua. Meja ameshapigana mara mbili na kujeruhi mbwa wa watu. Memsahibu, bibi wa Kizungu mwenye Meja, ametamka kwamba mbwa huyo akipigana mara ya tatu atapigwa risasi. Na Jumamosi mbwa wote wa mji na vijiji vya karibu wanatakiwa kwa Bwana Mifugo kuchomwa sindano ya kichaa cha mbwa. Mbwa zaidi ya mia, foleni moja. Atakayekosa sindano naye atapigwa risasi.

“Nikimpeleka ni hatari, nikimwacha amekufa,” anasema. “Basi nitampeleka.”

Ugomvi wa pili ndio uliomfundisha kazi. Anausimulia bila kumlaumu mbwa. “Kosa lilikuwa adabu yangu,” anasema.

Februari mwaka huu alikutana njiani na baba mkwe wake, mzee Andendekisye, mkulima wa Uyole, akiwa na mbwa wake wa kulinda mahindi, Jivu. Tadeo alifanya kama alivyolelewa. Alisimama, akaikanyaga kamba, akavua kofia, akainama na kumpa mzee mikono miwili. Mzee naye akaanza kuuliza habari kama inavyopasa: binti yake, wajukuu, mvua za Iringa, ng’ombe. Mbwa wawili walikuwa wamesimamishwa uso kwa uso, kamba zimekaza, na hakuna aliyewauliza wao habari za nyumbani. Mzee alipofika kwenye ng’ombe, Jivu alikuwa chini ya Meja. Kipande cha sikio lake hakikuonekana tena.

Baada ya hapo Tadeo alianza kuwachunguza mbwa wa sokoni, wale wasiofungwa. Akaona hawaendeani uso kwa uso. Wanazungukana kwa ubavu, wananusa, kila mmoja anakwenda zake. Ni sisi watu, kwa salamu zetu ndefu, tunaowasimamisha wakodoleane macho.

Akawakusanya maboi wenzake wanane wanaotembeza mbwa, wakakubaliana. Wakikutana hakuna kusimama. Mmoja anageuza njia, wanafuata upande mmoja, upana wa barabara kati yao, na kusalimiana huko huko mwendoni. Kwa miezi mitatu sasa barabara ile haijaona ugomvi. Maboi wenyewe wanaziita salamu za mwendo.

Tatizo ni kwamba mzee Andendekisye hakuwa katika kikao hicho. Aprili walikutana tena, Jivu akiwepo. Tadeo alitoa shikamoo kwa mbali na kupita majanini. Mzee hakuitikia, na tangu siku hiyo hajakanyaga kwa binti yake.

Tusajigwe, mke wa Tadeo, analisema hilo akiwa anachambua maharage, bila kuinua uso. “Baba anasema nimeolewa na mtu anayemheshimu mbwa kuliko yeye. Sasa nimjibu nini? Kwa macho yake ndivyo alivyoona.”

Tadeo ametuma watu wawili kwenda kueleza. Wote walikaribishwa vizuri, wakanywa chai, wakarudi bila jibu. Inamuuma, na haifichi. Lakini akisimama tena Meja atakufa, na kwa hiyo hasimami.

Jumamosi. Saa moja asubuhi Tadeo yuko nje kabisa ya uwanja wa Bwana Mifugo, mbali na foleni. Anakwenda, anarudi. Kila mzunguko anasogea hatua tano, na Meja anatafuna. Mpaka saa mbili na nusu wamefika kwenye uzio, na kamba bado imelegea. Mzee Andendekisye ameketi kwenye gogo upande wa pili, Jivu miguuni pake, anatazama huku uso ameukunja.

Memsahibu anashuka kwenye gari na kumwita Tadeo. Wenye mbwa wao wanageuka kuangalia. Mbele ya memsahibu yuko mbwa wa jirani yake, mnene, anabweka. Tadeo anaitikia kwa heshima zote, na hasimami. Anazunguka kwa ubavu, anajibu akiwa anatembea, mpaka memsahibu mwenyewe analazimika kuinua gauni lisiguse umande na kumfuata pembeni ili asikie habari za mbwa wake.

Mwandishi amekaa Mbeya miaka sita na jambo hilo hajawahi kuliona.

Mzee anainuka. Anakuja na Jivu moja kwa moja, na mkono wa Tadeo unakwenda wenyewe kwenye kofia. Anaurudisha mfukoni, kwenye nyama. “Shikamoo, baba,” anasema, na kugeuka ubavu.

Manyoya ya Jivu yamesimama. Mzee anamtazama mbwa wake, anaitazama kamba ya Meja iliyolegea, kisha anaiacha njia iliyonyooka. Anazunguka kupitia majanini, polepole, mpaka yuko sambamba na mkwewe, upana wa barabara kati yao. Wanatembea hatua kumi hivi.

“Ugonile, mkwe,” mzee anasema, salamu ya Kinyakyusa ya kuuliza umelalaje.

“Nimelala salama, baba.”

“Nilifikiri ni mimi tu usiyenisimamia. Kumbe hata memsahibu.” Halafu anaanza mwanzo: binti yangu, wajukuu, mvua za Iringa. Wanapofika kwenye ng’ombe wameuzunguka uwanja mara mbili, Tadeo macho yamejaa maji, na mbwa wote wawili wanatazama mfuko wa kaptula.

Meja alichomwa sindano saa nne na dakika kumi. Aliguna tu. Memsahibu aliondoka bila kutaja bunduki.

Kuanzia kesho, baada ya ibada, mzee atakuwa anamleta Jivu kwa Tadeo, naye afundishwe. Tusajigwe ameshatenga kuku. Tadeo anasema anao mwaka mzima mpaka sindano nyingine, na anajua anachokitaka: Meja aketi chini, kamba ikiwa imelegea, Jivu karibu yake.

“Siku hiyo nitasimama,” anasema. “Nitavua kofia, nimpe baba mikono miwili, aniulize mpaka kuku.”