Viatu vya Mama Présidente

Victorine alikuwa amechoka kuambiwa kwamba hana kitu. Mguu wa kuume ulimwaka chini ya vidole kana kwamba amekanyaga kijiwe kisichotoka, na vidole viwili vikafa ganzi. Eksirei ya hospitalini ilitoka safi. Mumewe André, mstaafu wa reli, akaishikilia picha ile kama hukumu ya mahakama, na kila mkewe akinung'unika huielekeza dirishani.

"Mifupa yote iko muzuri. Labda ni roho njo inauma."

Jirani alileta maji ya chumvi. Dada yake akasema amekanyaga dawa ya watu katika soko la mtaa wa Kenya. Victorine, mwenyekiti wa akina mama wa parokia, waliomwita Mama Présidente, alitaka kitu kimoja tu: kuongoza ngoma ya matoleo siku mwanawe Merdi atakapofunga ndoa. Ndoa ilikuwa Jumamosi, naye alichechemea hata kwenda bombani.

Akaenda kwa Myriam, mtaalamu wa viungo, kwa hasira zaidi kuliko kwa matumaini. Myriam akatazama sandali zake pana za plastiki.

"Inauma sasa?"

"Hapana. Ikianza kuuma njo navaa hii."

"Inaumaka na biatu gani?"

"Ya uniforme."

"Na kwa munganga uliendaka na gani?"

"Na hii. Ningefika namna gani na ile?"

Myriam akaelewa: daktari aliuona mguu ukiwa umetulia. Akaubana mguu kutoka pande mbili, akatia kidole kati ya kidole cha tatu na cha nne. Nusura Victorine ampige teke.

Mshipa wa fahamu unaopita hapo, akaeleza, umebanwa muda mrefu hadi umevimba, na eksirei huonyesha mifupa, haionyeshi mshipa huo. Avae kiatu kipana, kisicho na kisigino. Ndani aweke kipande cha sponji nyuma kidogo ya panapouma, si juu yake. Maumivu yasipotulia kuna sindano, na upasuaji ni wa mwisho kabisa.

"Na ile ya uniforme?"

"Ile uache, mama."

Hapo ndipo alipokasirika kwelikweli, maana hakuwa na wa kumkasirikia. Viatu vile vya sare ya akina mama, vyeupe vya ncha, alivichagua yeye. Sheria kwamba asiyevivaa asiingie katika mstari wa ngoma aliitunga yeye. Pentekoste alimtoa Marceline, mmoja wa akina mama hao, kwa kuvaa sandali. Marceline alisema mguu unamwaka, naye akamjibu mbele ya wote kwamba ni uvivu.

Jumamosi akina mama walijipanga nje ya kanisa. Victorine alifika na sandali zake, sponji ndani. Wote wakaitazama miguu yake. Akamwita Marceline, aliyekuwa amekaa kando na sandali zake, akamweka mbele pamoja naye.

"Mwenye kuumia, atoshe biatu," akasema bila kugeuka.

Nyuma yake viatu vilivyovuliwa vikaanza kugonga saruji. Vikaendelea kugonga. Alipogeuka, karibu mstari mzima ulikuwa peku.

"Na munanyamaza sababu gani, miezi yote hii?"

Marceline akakaza kitenge chake, bila haraka.

"Mama Présidente, miye nilisemaka."

Ngoma zikalia ndani. Victorine akarudi hatua moja nyuma, akamwacha Marceline aongoze.