Maji Katika Tumbo la Kushoto

Siku yangu ya kwanza kazini, fundi mkuu wa injini hakuniuliza jina. Aliniuliza kwetu ni wapi. Nikamjibu nimezaliwa Gasorwe, mkoa wa Muyinga, Burundi, nikakulia Tanzania kwa sababu ya ukimbizi. Akasema mwanamke wa milimani hajui maji, atanichunguza. Sote tulimwita Chifu.

Kazi yetu ilikuwa kuvusha watu wanaokwenda na kurudi makazini, pale bandarini Dar es Salaam. Boti yetu ya mwendo kasi ilikuwa katamarani, yaani ina matumbo mawili membamba yaliyounganishwa na sitaha moja juu. Kila tumbo lina injini yake na bilji yake, sehemu ya chini kabisa ambako maji yanayovuja hukusanyika. Mimi nilipewa tumbo la kushoto.

Mwaka wangu wa tatu, bilji ile ikaanza kuwa na maji kila jioni. Niliyapima kwa kijiti na kuyaandika kwenye daftari la injini. Asubuhi nikifika, bilji kavu, na Chifu ameandika kwamba hakuna tatizo. Akaniambia nimeona jasho la mabomba tu. Nikamshuku. Halafu nikaanza kujishuku mwenyewe, na hata baharia aliyefagia sitaha nikaona kama ananichungulia.

Baada ya wiki mbili nikaenda gatini alfajiri, mapema kuliko kawaida. Chifu alikuwa amepiga magoti, pampu ya mkono inatapika maji baharini. Hakushtuka.

“Wakubwa wakijua, wataisimamisha boti,” akasema. “Sisi tutakwenda wapi?”

“Na ikipasuka katikati ya maji, Chifu, abiria watakwenda wapi?”

Akaendelea kuvuta pampu. Nikamweleza nahodha, naye akakataa kung'oa nanga. Foleni ya abiria ilikuwa imefika barabarani, tulitukanwa sana. Boti ilipopandishwa chelezoni kutengenezwa, mafundi wakakuta ufa kwenye weldingi, mrefu kama mkono wangu.

Chifu alihamishiwa karakana. Baada ya miaka kadhaa, cheo chake kikawa changu, na nikastaafu nacho.

Sasa nimerudi Burundi, naishi Gitega kwa binti yangu. Akiwasimulia majirani habari hii, hunigeukia na kusema, “Mama, we uliokoa watu.” Mimi hukumbuka lile daftari. Wiki mbili nzima niliyaona yale maji, na kila asubuhi niliwasha injini, watu wamekaa juu yangu.