Magari Mawili ya Baba, Barabara ya Nyarugusu

Baba yetu alikuwa na taksi mbili pale Shinyanga mjini tangu miaka ya sitini: magari ya Kifaransa, mapacha, rangi ya maziwa. Alipofariki, moja lilikwenda kwa kaka yangu Ramadhani na moja likawa langu. Kaka alilitunza la kwake lilivyotoka kiwandani. La kwangu nilimkabidhi mume wangu Hamisi, fundi bodi, nikamwambia akate. Aliondoa paa la nyuma na buti, akaunda bodi ya mizigo kwa mabati mazito, akalinyanyua kwa springi za lori bovu. Nilikuwa nauza mchele na dagaa. Viti vya abiria vingenifaa nini?

Kaka alipoliona alisema nimemkata baba vipande viwili. Tangu hapo salamu zetu zikawa fupi.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini tulisikia kwamba Mzee Lubeja, mnunuzi wa dhahabu wa Nyarugusu, anatafuta gari la zamani la aina hiyo. Kaka akasema atampelekea la kwake. Nikasema nami nakwenda. Ukweli ni kwamba sikuwa na haja kubwa ya kuuza. Nilitaka mtu asiyetujua aiangalie kazi ya Hamisi na kusema ina thamani. Hamisi alikuwa amebanwa na kazi za watu, basi niliendesha mwenyewe. Baba alinifundisha usukani nikiwa bado msichana.

Alfajiri tuliondoka Shinyanga, kaka mbele, mimi nyuma nikila vumbi lake. Tinde tulisimama kunywa chai. Aliegesha mbali nami, na watu wakaenda kumzunguka. Mzee mmoja aligusa bampa yake kwa kiganja, akasema aliwahi kupanda gari kama hilo siku ya harusi yake. Langu hawakuliulizia, ila mama mmoja aliyetaka kujua kama napakia viazi.

Kahama tulifika jua likiwa kichwani. Mafundi wa gereji iliyokuwa kando ya stendi walimweleza kaka kwamba gari ambalo halijaguswa limekuwa adimu, kwa sababu vipuri havipatikani na wengi wameshayakatakata ya kwao. Kaka alinitazama kwa pembe ya jicho. Kisha mmoja wao akaingia chini ya langu, akakaa huko kitambo, akatoka akiuliza nani amechomelea ile chesisi.

“Hamisi wa Shinyanga, mume wangu,” nilisema, kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya barabara.

Baada ya Bugarama mvua ilitukuta. Wanaoijua mbuga ya kule wanajua udongo ule mweusi ukilowa hauna urafiki na mtu. Gari la kaka, ambalo lilikuwa chini chini, lilikalia tumbo katikati ya njia. Alikanyaga mafuta, magurudumu yakazidi kuzama. Nilipita pembeni kwenye majani, nikasimama mbele yake, nikashuka na mnyororo. Alifunga upande wake, nami wangu. Niliingiza gia ya kwanza na kuachia klachi taratibu, kama baba alivyokuwa akisisitiza, na springi zile za lori zikalia. Gari likajivuta, likajikaza, kisha nikahisi mzigo ukinifuata. Nililivuta mpaka kwenye changarawe. Kaka alikuja dirishani akiwa na matope hadi magotini, akasema tu tuendelee.

Jioni tuliingia Nyarugusu. Wachimbaji walikuwa wakitoka kwenye maduara, mashimo yao ya dhahabu, weupe kwa vumbi la mawe. Mzee Lubeja alitupokea uani kwake. Tulimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaagiza tuletewe maji ya kunawa na ugali kwa samaki. Tulipomaliza alilizunguka gari la kaka, akafungua na kufunga kila mlango akisikiliza. Akasema analichukua, maana anataka limkumbushe alivyokuwa kijana. Kaka alitaja bei, na mzee hakuibishia.

Ndipo akaligeukia langu, akacheka kidogo. “Na hili kilema, ng'wanawane, mwanangu, umelileta la nini?”

Nilifungua mdomo, lakini kaka alinitangulia.

“Mzee, hilo unaloliita kilema ndilo lililonifikisha hapa. Lisingekuwapo, gari ulilonunua lingekuwa bado limelala mbugani. Aliyeliunda ni shemeji yangu, na sijaona fundi kama yeye.”

Niliangalia pembeni mpaka macho yakakauka.

Asubuhi habari zilikuwa zimeshazagaa. Wachimbaji walikuja kulitazama, na mama mmoja aliyewapikia chakula na kuwasombea maji alitaka nimwachie palepale. Nilikataa. Nilimweleza kwamba hilo siuzi, ila akiwa na gari bovu alilete Shinyanga, Hamisi amkatie. Wengine wawili nao wakasema wataleta ya kwao.

Tulirudi na kaka ameketi kando yangu. Kabla ya Kahama aliomba usukani, nami nikampa. Tulipokwenda mwendo mrefu akaniuliza springi zile zilitoka kwenye lori la aina gani. Nilimweleza yote, hata ule usiku Hamisi alipoungua mkono akichomelea.

Safari ile ilinifundisha kwamba wapo wanaonunua gari kwa ajili ya siku zilizopita, na wapo wanaolitaka kwa kazi ya kesho asubuhi, na wote wanajua wanachokilipia. Mimi na kaka tulikuwa tumegombana bure juu ya jambo ambalo soko lilishaliamua kwa njia mbili.

Miaka iliyofuata, kila nilipopeleka mchele Geita nilipishana na magari yaliyokatwa na mume wangu, yamejaa madumu ya maji na watu juu yake. Niliyatambua kwa mbali kwa namna yalivyonyanyuka nyuma. Nilipiga honi kwa kila moja.