Siku Niliyopasha Moto Gari ya Betri

Nitawaambia, lakini mkicheka mcheke kidogo halafu mnyamaze, kwa sababu hasira ya siku ile bado haijanitoka, na nikiikumbuka naweza kuvunja hiki kikombe. Mimi Zuhura, fundi wa magari ya umeme, yule ambaye mtu akiniuliza swali moja la betri pale mjini Nakuru namfundisha mpaka anatafuta njia ya kutoroka, mimi huyo huyo niliaibishwa na betri mbele ya watu, na kosa lilikuwa langu. Hapo ndipo panaponiuma.

Basi sikieni. Marehemu Baba alituachia gereji, na anayeiendesha ni kaka yangu Swaleh. Huko ndani, mwisho kabisa, kuna nafasi yenye shimo la kuingilia chini ya gari, pale Baba alipokuwa akifanyia kazi, na tangu afariki imefungwa na hakuna anayeigusa. Mimi niliitaka. Magari ya umeme yanazidi kuja, betri yake inakaa chini ya sakafu, na mimi nilikuwa nikiwahudumia wateja wangu kwenye kiwanja cha jirani, nimelala chali juu ya kadibodi, mvua ikianza tunakimbilia turubai. Mwaka mzima nilimwomba Swaleh hiyo nafasi, na mwaka mzima jibu lake lilikuwa moja.

"Hizo si gari, Zuhura. Hizo ni simu zimewekwa magurudumu."

Siku moja nikachoka nikamwambia twende uwanjani basi, tumalize haya maneno. (Karibu na Kikopey kuna mtu ametengeneza kiwanja cha vumbi, wapenda mbio wanakutana hapo Jumapili, ingawa ukweli ni kwamba nusu yao wanafuata nyama choma.) Raundi kumi, gari yangu ya betri na ile Pijo ya petroli ya Baba, ambayo Swaleh anaitunza kuliko anavyojitunza mwenyewe. Nikishinda, ile nafasi ni yangu. Akishinda, nisimtajie betri tena maisha yangu yote. Akakubali haraka sana, hata chai yake hakuimaliza, na mimi mjinga nikadhani ni kiburi chake tu.

Jumapili ikafika. Nikapitia hoteli moja ya barabarani yenye chaja ya haraka, nikajaza betri mpaka mwisho, asilimia mia, nikaingia uwanjani saa nane mchana, jua linachoma utosi na betri yenyewe bado ina joto la ile chaji. Ningepaki kivulini nikae kimya, mambo yangekuwa sawa. Lakini Swaleh alikuwa ameshafungua boneti ya Pijo, injini inanguruma, na wazee waliokuwa wateja wa Baba wamemzunguka, naye akaniita kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wachoma nyama.

"Zuhura! Unaingia kushindana na gari baridi? Baba alikufundisha hivyo?"

Mnafaa kujua kwamba kwa Baba hiyo ilikuwa sheria. Gari isiyopashwa injini haitoki gereji kwenda mbio, na ukijaribu unachapwa kwa kitambaa chenye grisi, uwe mtoto wake au mfanyakazi. Wale wazee wakatingisha vichwa. Halafu jamaa wa maikrofoni, ambaye hakuna aliyemuuliza, akadakia, "Jameni, mathe anaogopa kumaliza chaji!" Mathe, kama mama mzee! Mimi na miaka thelathini na nne!

Sasa, gari ya betri haina injini ya kupashwa. Betri adui yake ni joto. Hili nalijua kama ninavyolijua jina langu, nimeliandika kwenye karatasi nikalibandika ukutani pale ninapofanyia kazi. Lakini watu walikuwa wananiangalia, na sikutaka isemwe kwamba binti wa fundi amesahau mafunzo ya babake, na tena (niseme tu ukweli) nilitaka kuwaonyesha vile inachomoka. Nikasema, "Sawa, napasha." Nikazunguka uwanja raundi tano, mguu umebonyeza mpaka chini. Watu wakapiga makofi. Walahi nilijiona mtu wa maana.

Mbio zikaanza. Wueh! Raundi ya kwanza Swaleh alikula vumbi langu lote. Ya tatu nikatoa mkono dirishani nikawapungia wale wazee. Ya nne, nikitoka kwenye kona, nikakanyaga, na gari ikaenda shingo upande, kama mtu ametumwa dukani na hataki. Nikakanyaga tena. Hakuna kitu. Nikaangalia dashibodi nikaona kapicha ka kobe kamewaka. Wenye hizi gari wanamjua huyo kobe: betri imepata joto kupita kiasi, kwa hivyo gari inajikatia nguvu yenyewe isije ikajiharibu. Chaji bado nyingi tu, lakini nguvu unapewa kwa kijiko, na ukanyage mpaka sakafu itoboke haikusikii.

Pijo ikanipita inapiga honi. Ikazunguka ikanipita tena.

"Nani ana pawabenki amsaidie mathe?" jamaa wa maikrofoni akauliza, na watu wazima, wenye familia zao, wakanyoosha pawabenki juu! Dereva wa lori la kumwagia vumbi maji akadhani mimi nimeharibika na mbio zimeisha, akaingia uwanjani, akanipita. Lori la maji, jameni, limejaa, na likanipita, likaniachia matope kwenye kioo. Halafu wanaume wawili wakaja wakitembea kando yangu (wakitembea, sio kukimbia) na mtungi wa maji, wananiambia, "Mathe, fungua boneti, radieta imekauka." Nikawapigia kelele, "Boss, betri haina radieta! Toka kwa gari yangu!" Wakamwaga hayo maji juu ya boneti hata hivyo, kwa roho safi kabisa, na hiyo ndiyo ilinimaliza.

Swaleh alimaliza mimi nikiwa raundi ya saba. Nikakataa kutoka. Nilizimaliza zote kumi peke yangu, nalia kwa hasira, na nilipofika mwisho watu walikuwa wamesharudi kwa nyama zao.

Swaleh peke yake ndiye alikuwa ananingoja. Nikashuka nikamrukia kwa maneno, kwamba ameniponza, kwamba amemtumia marehemu kunidanganya. Akaniacha nimalize.

"Si ni wewe uliniambia siku ya Idi kwamba betri haipendi joto?" akasema. "Nilijua. Nilikutega, na nisamehe. Nilitaka kuona kama utasimama mbele ya wale wazee uniambie, Swaleh nyamaza, hii kazi huijui. Ungesema hivyo ningekupa ile nafasi hata kabla ya mbio." Akatoa ufunguo wa kufuli mfukoni akanionyesha, akaurudisha.

Kwani mimi ni mwanafunzi wake? Nilimwambia mambo ambayo siwezi kuyarudia mbele yenu, na hayakunisaidia, kwa sababu hakuna hata neno moja alilosema ambalo ningeweza kulikana. Baada ya nusu saa betri ikapoa, kobe akazimika, gari ikawa nzima kabisa. Jioni tukirudi mjini, kwenye lami kabla ya Lanet, nikampita Swaleh na Pijo yake kana kwamba amepaki, na hakuna mtu yeyote aliyeona.

Mpaka leo niko juu ya kadibodi. Lakini nimeapa: mtu akija kunielekeza kazi ninayoijua, awe mzee, awe ndugu yangu wa tumbo moja, amtaje hata marehemu Baba, nitamwambia akae kando. Na Swaleh nitamwambia wa kwanza, mbele ya watu wote, siku nitakapoanza tena kuongea naye.