Hatua Nne Nyuma Yangu

Sijawahi kumshika mkono mume wa binti yangu. Kwetu Bungoma, nilikozaliwa, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawakaribiani. Hatuketi benchi moja, hatuli katika chumba kimoja, na tukikutana njiani mmoja wetu huingia kwenye nyasi mpaka mwenzake apite. Mimi ni mama wa kanisa kwa miaka mingi, na niliwahi kusikia mahubiri ya kutukemea kwa mila hiyo. Nilisema amina, kisha nikatoka kwa mlango wa upande ili nisimkute mkwe wangu kwenye mlango mkubwa. Ni heshima, na heshima ikishaingia mwilini haitoki kwa amina moja.

Nilipoolewa nilikuja kulima huku karibu na Kitale. Mkwe wangu baadaye akanunua kipande cha shamba si mbali nasi. Analima vitunguu na kuvipeleka Chwele siku ya soko. Ni mtu wa maneno machache.

Mwaka huo chama chetu kilikuwa kinamchagua atakayepeperusha bendera ya urais. Waliotaka tiketi walikuwa wawili: kiongozi wa chama mwenyewe, na mbunge mmoja aliyethubutu kumpinga. Watu wa kiongozi walisema mwanachama mwaminifu hasimami nyuma ya mtu mwingine. Watu wa mbunge walisema haki kwanza, maana orodha ya wanachama ilikaa mikononi mwa watu wa kiongozi, na majina mengine yalikuwa yametoweka. Ili kumaliza ubishi wa karatasi, makao makuu yakaamua tupange mlolongo. Kila mmoja angesimama nyuma ya picha ya mtu wake, ahesabiwe kwa macho.

Karatasi ya kura ina siri, mlolongo hauna. Sisi tunaoishi huku Trans-Nzoia tunajua maana yake. Kuna mwaka tulilala kanisani wiki tatu, na watoto, kwa sababu majirani walijua tulimpigia nani kura. Asubuhi ya mlolongo nilipiga magoti kando ya kitanda, nikasali mara mbili. Nilikuwa naogopa.

Hata hivyo nilienda, nikasimama upande wa mbunge. Jina langu lilikuwa mojawapo ya yale yaliyotoweka, likarudishwa baada ya kulalamika mara tatu, na niliona ni vibaya kunyamaza tena.

Msimamizi alikuwa binti mdogo kutoka makao makuu, mwenye kipaza sauti. Alisimama juu ya kiti cha mwalimu katika uwanja wa shule, akatueleza sheria.

"Nikipuliza filimbi, hakuna kusonga. Tutahesabu kutoka mbele mpaka pale laini imekatika. Walio nyuma ya hapo ni wachelewaji, hatuwahesabu. Tumesikizana?"

Sheria yenyewe ilikuwa nzuri. Tulikuwa tumesikia ya vituo vingine, watu wakihesabiwa mbele kisha wanakimbia kujiunga nyuma.

Kabla ya filimbi nilisikia kikohozi ninachokijua. Sikuhitaji kugeuka. Mkwe wangu alikuwa amefika mbio akakuta mwisho wa mlolongo ni mimi. Akasimama hatua nne nyuma. Nyuma yake wakaja wengine, umati wa watu waliotoka kanisani na sokoni, wakajipanga wakibanana. Kisha filimbi ikalia.

Msimamizi alihesabu akifuatwa na mawakala wawili, mmoja wa kila upande. Wakala wa kiongozi alikuwa mkulima wa huko juu, miteremko ya Mlima Elgon, mwenye gambuti za mpira zilizokauka tope. Nilimjua kwa sura tu, kutoka foleni ya mbolea. Walifika kwangu, wakanihesabu. Msimamizi akatazama nafasi iliyokuwa nyuma yangu.

"Hapa imekatika," akasema.

Upande wa pili ulilipuka kwa kicheko. "Mmekatwa na mtu wenu, bana!"

"Wewe!" kijana wa upande wetu alimfokea mkwe wangu. "Mbona umesimama huko kama mlingoti? Si usonge!"

"Asisonge! Filimbi imelia!"

"Huyu ametumwa," mwingine akasema. "Amelipwa akate laini yetu."

Neno hilo lilipita mdomo kwa mdomo. Ametumwa. Nilisikia tawi likivunjwa kwenye ua wa shule, na nikajua ni la kumchapia. Wakamshika kola. Mkwe wangu angeweza kujiokoa kwa sentensi moja, lakini hatamki jambo kama hilo mbele yangu. Alitazama nyasi.

"Sema kitu basi!"

"Atasema nini na ako na hatia?"

Nikisema, uwanja mzima utajua kwamba nyumba hizi mbili ni moja, na wakitaka kuadhibu moja wataikuta ya pili, na wajukuu wangu ndani yake. Nikinyamaza, watampiga hapa hapa nikisikia. Niligeuka nusu, nikasema nikitazama pembeni.

"Mwacheni. Huyo amemuoa binti yangu. Hawezi kunikaribia."

Kijana aliyemshika kola akacheka. "Shosh, hizo ni hadithi. Nani ataamini ati mtu aliogopa kusimama nyuma yako?"

"Mama, hiyo haiko kwa sheria za chama," msimamizi akasema. Alikuwa mtoto wa mjini, na watu walikuwa wamemzunguka.

Wakati huo nilimwona wakala wa kiongozi. Alikuwa na kalamu juu ya karatasi. Watu walio nyuma ya mkwe wangu walikuwa wengi kuliko sisi wa mbele, na yeye alijua. Angenyamaza tu, upande wake ungeshinda. Wenzake walikuwa wakimpigia kelele, "Andika, mzee! Funga hesabu!"

"Ni kweli," akasema. "Kwetu mlimani pia iko hivyo. Hata mimi singesonga hapo. Hii laini haijakatika."

Msimamizi akamtazama. "Lakini wewe si ni wakala wa upande ule?"

"Najua upande wangu. Hesabu."

Wakahesabu. Kola ya mkwe wangu ikaachiliwa, kifungo kimoja hakipo. Uwanjani pale mbunge alishinda, na wanawake wa upande wetu wakapiga vigelegele. Mimi sikuweza. Nilikuwa nikitazama upande wa pili, ambako kicheko kilikuwa kimekwisha. Mzee mmoja alimkaribia yule wakala, akamvua beji kifuani polepole, kama anayemvua mtoto shati.

"Umeuza kiongozi wetu kwa sababu ya mama mkwe wa mtu," akasema. "Sawa. Kwako tunakujua."

Wakala alishika njia ya kwao peke yake. Mimi na akina mama wawili wa kanisa tukamfuata, na mkwe wangu akatufuata kwa umbali wake. Mahindi yalikuwa yamepita kichwa cha mtu pande zote mbili. Kila jani liliposugua lingine niligeuka kutazama. Wakala alisikia hatua zetu akageuka haraka, mikono imeinuka. Alipoona ni sisi, akaishusha.

"Mnaenda wapi, mama?"

"Tunakusindikiza."

"Rudini. Wakiniona na nyinyi watasema mlininunua. Nikiwa peke yangu, mimi ni mjinga tu."

"Basi acha nikushukuru."

"Usinishukuru hapa." Alitazama mahindi. "Nenda, mama. Tafadhali."

Tulisimama mpaka alipopotea kwenye kona. Nilisali macho wazi.

Ubishi wa nani alishinda nchi nzima uliendelea redioni kwa majuma mengi, na sina la kuongeza. Namshukuru Mungu hakuna nyumba iliyochomwa huku kwetu. Lakini kwa mwezi mzima, kabla ya kuwasha moto wangu wa asubuhi, nilitoka kwanza kutazama mlima kama kuna moshi usio wa chai. Nikimkuta yule wakala sokoni Kitale anapita bila kuinua macho, nami nageukia nyanya za mtu na kuuliza bei. Kila siku namtaja katika sala, bila jina. Jina lake silijui, na mpaka leo sijathubutu kumuuliza mtu.