Tano kwenye Fomu ya Ujuzi

Darasani walimwita Binti Mwashi, kwa kuwa baba yake alikuwa mwashi na yeye hakuona haya kulisema. Alikuwa mwaka wa mwisho wa uhandisi wa ujenzi, na asubuhi hiyo alisimama kwenye dirisha la karani, fomu mkononi. Fomu iliuliza ujuzi alioupata katika kila kozi, kwa alama moja hadi tano. Bila fomu, hakuna namba ya mtihani.

Kalamu ilikwama kwenye swali la saba: Naweza kupima usawa wa kiwanja kwa mashine.

Mashine aliijua kwa picha ya ukutani. Yenyewe ilikuwa kabatini, chini ya kufuli, mwaka wa nne sasa, eti wanafunzi wasije wakaiharibu. Kupima usawa alijua, tena barabara, ila alifundishwa na baba yake, kwa mpira mwembamba wa bomba uliojaa maji.

"Nikiandika moja?" akamuuliza karani.

"Chini ya tatu unarudia kozi, mwanangu. Mwaka mzima."

"Na nikitaka kuandika kwamba nimejifunzia nyumbani?"

"Nyumbani si kozi."

Nyuma yake kwenye foleni alikuwa mwanafunzi mwenzake waliyemwita Spika, kwa mdomo wake usiopumzika. "Dada, jaza tano twende zetu. Mimi mwenyewe nimejaza tano, na msumari ukiniona unapinda."

Foleni ikaangua kicheko. Binti Mwashi hakucheka. Miaka minne wamenakili ubaoni, na sasa wanatia sahihi kwamba wameiva! Lakini akilini alimwona baba yake akitoka alfajiri na ndoo na mwiko ili yeye amalize. Mgongo ule haukuwa na mwaka mwingine.

Akajaza tano.

Wiki iliyofuata mkuu wa idara alimwita ofisini. Fomu zilikuwa zimepangwa mezani, naye uso umemnawiri.

"Darasa lenu mmetutoa kimasomaso. Kesho wanakuja wakaguzi. Wewe, mtoto wa fundi, umejipa tano. Basi utawaonyesha mashine inavyopima."

"Mwalimu, ile mashine mimi..."

"Usiogope, binti yangu. Si umeandika mwenyewe?"

Akamwekea ufunguo kiganjani. Ulikuwa umeshika kutu.

Kufuli lilifunguka kwa shida. Ndani mlikuwa na sanduku la njano la mashine, lenye vifungo viwili, na Binti Mwashi alisimama mbele yake, hajui aanze na kipi.