Samaki Weusi wa Baba

Nilipokuwa mtoto pale Mwanza, baba yangu alitajirika kwa sangara kabla hajajifunza kufikiri, na baada ya hapo hakuona tena sababu ya kujifunza. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Baba alianza upara mapema.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zimefunguliwa, minofu inapanda ndege kwenda Ulaya na sisi tunabaki na vichwa na miiba. Baba akajenga nyumba mtaa wa Isamilo, na bustanini akachimbisha kidimbwi cha saruji. Jirani yetu Mama Kirti, Mhindi mwenye duka la vitambaa mjini, akampa samaki wachache wa dhahabu, wale wekundu wa mapambo, kutoka kwenye bustani yake. Halafu mlevi mmoja baa akamwambia baba kwamba samaki hao huvuta mali, na hilo ndilo lililomwingia kichwani. Mtu aliyekulia ziwani akawa anakaa kwenye kiti kila jioni kutazama samaki asiowala.

Aliyewalisha ni shangazi Minza, dada mkubwa wa baba. Mama yao alipofariki, yeye ndiye aliyembeba baba mgongoni. Alikuwa mjane, Mungu hakumjalia mtoto, na baba alimtoa kijijini Usagara aje akae nasi. Kila asubuhi aliwamwagia samaki pumba huku akiwasemesha kama kuku wake.

Samaki wakazaa. Vifaranga vyote vikatoka na rangi ya tope, hata kimoja hakikufanana na wazazi wake. Siku hizohizo mzigo wa baba wa sangara ukakataliwa kiwandani. Barafu haikutosha, na dereva wake alimwambia hivyo waziwazi. Lakini mtu mzima mwenye ndevu zake akayaunganisha mambo hayo mawili, akaenda kuleta mganga.

Mganga alikuja na suti na mkoba wa ngozi, maana soko huria lilimfikia na yeye. Akazunguka kidimbwi, akatema mate, akauliza nani anawalisha samaki. Kisha akauliza huyo mlishaji ana watoto wangapi. Kwa maswali hayo mawili akawa amemaliza kazi yake.

"Dhahabu haizai tope," alisema. "Kuna mkono unaozima mambo hapa. Mkono huo ukiondoka, samaki watang'aa wenyewe."

Shangazi alikuwa amesimama palepale na bakuli la pumba.

"Mdogo wangu, mimi?"

Baba hakumtazama usoni. "Kapumzike Usagara kwanza, dada."

Kapumzike. Mpaka leo neno hilo silitumii. Mama aliingia jikoni, na sisi watoto tukamfuata. Shangazi akafunga nguo zake kwenye kanga, akaondoka bila hata chai.

Kisha samaki wakaanza kugeuka. Mmoja alishika wekundu tumboni, ukapanda hadi mgongoni, wengine wakafuata, na baada ya miezi kidimbwi kizima kikawa kinawaka. Baba alichinja mbuzi, akaita watu, akazunguka nao bustanini akiuliza, "Mmeona? Si mmeona?" Na watu wakala nyama yake, wakasema wameona.

Mama Kirti naye aliitwa. Alichungulia majini, akacheka kidogo.

"Watoto wao wote huanza weusi, Baba Kabula. Hata wangu. Ukisubiri tu wanageuka."

Nilikuwa karibu, nilimwona baba usoni. Alielewa. Aliyatazama maji kidogo, kisha akamuuliza Mama Kirti kama atakunywa soda. Mjinga ningemsamehe, wajinga ni wengi na wengine ni watu wema. Lakini tangu siku ile baba alijua, na gari lake, lililopita Usagara kila wiki, halikusimama hata mara moja.

Maneno ya Mama Kirti hayakufika Usagara. Habari ya samaki kung'aa ilifika.

Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, nilimpeleka kwa shangazi. Nilikuta nywele zimekuwa nyeupe zote. Nilimwamkia, tukakaa mkekani, nikamweleza kila kitu: vifaranga, barafu, alichosema Mama Kirti, na kwamba baba alimsikia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha nikamnyooshea mtoto ampokee. Akairudisha mikono yake nyuma.

"Mlaze hapo, nitamwona," alisema. "Waligeuka nilipoondoka, mwanangu. Hilo si uongo."

Nilimbembeleza, nikalia mbele yake. Hakumgusa, na alifariki hajamgusa.

Yule mganga nilimdharau tangu siku aliyotema mate bustanini kwetu. Kumdharau baba kulinichukua muda mrefu zaidi, ila kumedumu.

Kutoka Usagara siku ile nilipitia Isamilo. Nilimwamkia baba, maana nimelelewa hivyo. Akaitikia marahaba, akamchukua mjukuu wake, akampakata kwa mikono yote miwili bila wasiwasi wowote.